Matairi mawili ya karavani yamepasuka upande mmoja, siku moja, milima ya Flinders: chanzo ni nini?

#1 Mluguru_Adelaide

Wakuu, habari za wakati huu. Naomba mnisaidie kuelewa jambo lililotupata, maana huku kila ninayemuuliza ana jibu lake.

Nina miaka sita Adelaide, Australia Kusini. Mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Morogoro, na tangu atue alikuwa anasema nchi hii tambarare mno, macho yake yamezoea kuegemea Uluguru. Nikamwahidi kumpeleka Flinders. Mwishoni mwa Desemba tukafunga karavani nyuma ya gari, mimi, mke wangu, watoto wawili na mama, tukashika njia ya kaskazini.

Kwa wasioijua, karavani ni nyumba ndogo ya kuvutwa na gari: vitanda, jiko, friji, matangi ya maji. Yetu ina ekseli mbili, matairi manne, na tuliinunua ikiwa imeshatumika. Adelaide mpaka Port Augusta ni kama km 300, hatukupata shida. Tukalala hapo. Kesho yake tukapanda mlima wa Pichi Richi kwenda Quorn, mshale wa joto la injini ukapanda kidogo ukashuka. Tukafika Hawker, tukajaza mafuta, tukatoka saa nane mchana. Redio ilisema nyuzi 43.

Kutoka Hawker kwenda Parachilna ni lami nzuri, milima myekundu iko kulia kwako, kushoto ni uwanda mtupu. Nilikuwa kwenye spidi 100. Kama km 40 hivi nikasikia mshindo, karavani ikaanza kuyumba. Tairi la kushoto nyuma limefumuka lote na limechana bati la juu yake. Nikafunga spea, tukaendelea. Km 25 mbele, tairi la kushoto mbele nalo likapasuka. Spea sina tena, mtandao wa simu hakuna.

Kivuli cha karavani kilikuwa kinaangukia upande wa barabara, hatukuthubutu kukaa huko. Tukakunjua turubai lake upande wa pili, jua likatupiga la usoni. Saa mbili na nusu tulikaa hapo, mama akiwapaka watoto maji shingoni kwa kanga yake. Aliyetuokoa ni dereva wa greda aliyenisikia kwenye redio. Alikuja na maji, akamwita mtu wa matairi.

Matairi hayakuwa vipara, kashata zipo. Upepo niliujaza PSI 50 asubuhi. Gereji moja huku inasema ni joto tu. Kama ni joto tu, mbona mawili ya kulia ni mazima mpaka leo?

#2 Kariakoo_Spea

Pole sana mkuu. Kashata hazisemi kitu kwenye trela. Trela linakaa nyumbani miezi, tairi linazeeka bila kutembea. Angalia ubavuni, mwisho wa maandishi ya DOT kuna tarakimu nne: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tuletee hizo namba kwanza.

#3 Kitonga_Dizeli

Nimeendesha semi Dar–Tunduma miaka 14. Tairi haliui mtu, uzito ndio unaua. Kabla hujamlaumu mwenye tairi, ulipita mizani? Watu watano, chakula cha wiki, maji, gesi, jenereta labda. Jibu liko hapo.

#4 Dada_Zawadi

Mama hajambo? Hilo ndilo nililotaka kujua kabla ya yote.

Halafu kaka, kwenda huko Desemba! Kule Desemba mpaka Februari ndio kiangazi chao. Mimi niko Melbourne, wenyeji wengi huenda Flinders kati ya Aprili na Oktoba. Ungemsubiri mama mpaka baridi ianze.

#5 Mluguru_Adelaide

Dada Zawadi, mama hajambo, ahsante. Alikunywa maji, akapumzika, kesho yake alikuwa anauliza lini tunarudi. Desemba ndiyo likizo ndefu ya shule, na tiketi yake ilikuwa ya kurudi Januari. Sikuwa na nafasi nyingine.

Kariakoo, nimeangalia: 3115. Wiki ya 31, mwaka 2015.

Kitonga, mizani sikupita. Matangi mawili ya maji yalikuwa yamejaa, kila moja lita 95. Mitungi miwili ya gesi ya kilo 9. Na nyuma kabisa nilifunga madumu mawili ya maji ya lita 20 na baiskeli za watoto.

#6 Kariakoo_Spea

Matairi ya miaka tisa. Mimi nimemaliza. Mpira ukizeeka unakauka kwa ndani, nyuzi zinaachana na mpira, ukiongeza joto na spidi linafumuka kama alivyosema. Huko watengenezaji wengi wanashauri kubadilisha ndani ya miaka mitano mpaka saba, hata kashata ikiwa mpya.

#7 Kitonga_Dizeli

Maji lita 190 ni kilo 190. Mitungi miwili ikijaa inakaribia kilo 40 na vyuma vyake. Madumu kilo 40. Baiskeli. Vitu vyote vizito umeweka nyuma ya ekseli! Trela likilemewa mkia linanyanyua pua, uzito unaoegemea gari unapungua, ndipo linaanza kuyumba. Kanuni tuliyofundishwa: kama asilimia 10 ya uzito wa trela iegemee kwenye ndoano ya gari.

#8 Mwalimu_Fizikia

Kuna watu wataandika kwamba joto liliongeza upepo mpaka tairi likapasuka, kwa hiyo tupige hesabu mapema.

Upepo wa 50 ni juu ya ule wa hewa ya nje, jumla ni kama 65. Alijaza asubuhi, tuseme nyuzi 25. Mchana hewa ya ndani ya tairi ikifika nyuzi 75, hiyo ni nyongeza ya 50 juu ya 298 za Kelvin, asilimia 17 hivi. Asilimia 17 ya 65 ni 11. Upepo unafika 61. Tairi zima la aina hiyo halipasuki kwa 61. Kwa hiyo upepo kuzidi si sababu.

#9 Sule_Perth

Mwalimu, hesabu yako ni sahihi lakini inathibitisha kinyume. Huku tuna kanuni ya mkono: pima likiwa baridi, endesha saa moja, pima tena. Tairi la gari dogo liongezeke kama 4, la gari la mizigo kama 6. Likiongezeka zaidi ya hapo, maana yake ulianza na upepo *mdogo*. Ubavu unajikunja kila mzunguko, unajipasha wenyewe. Kuongezeka 11 ni dalili kwamba tairi linateseka.

Na wale wanaopunguza upepo siku ya joto "ili lisipasuke" wanafanya kosa lenyewe. Nimeliona hili mara mbili barabara ya kwenda Carnarvon.

#10 Mwalimu_Fizikia

Sule, nyuzi 75 niliweka kama mfano, hajapima. Lakini nakubali hoja ya kujikunja. Mluguru, ulipima mchana?

#11 Mluguru_Adelaide

Sikupima. Nilipiga matairi teke tu pale Hawker, kama tulivyozoea nyumbani.

#12 Mwana_Muscat

Huku Oman nyuzi 45 ni jambo la kawaida Juni na Julai, na milima ipo. Barabara ya Jebel Akhdar ina kizuizi cha polisi pale Birkat al-Mouz, gari lisilo 4x4 halipandi. Wakati wa kushuka wanakusisitizia gia ndogo, usikanyage breki muda mrefu. Nimeshaona gurudumu linatoa moshi kabisa kwa breki.

Ninachotaka kusema: breki za karavani zipoje? Kama breki ya kushoto ilikuwa imeshika kidogo tangu Pichi Richi, gurudumu lile lilikuwa linapikwa kutoka ndani safari nzima.

#13 Kitonga_Dizeli

Huyo wa Muscat kasema neno. Mlima wa Kitonga tunashuka na gia, breki unazikumbuka kwa mbali. Ila Pichi Richi ina urefu gani? Kitonga ukianza kupanda unaacha maisha chini.

#14 Mluguru_Adelaide

Pichi Richi si Kitonga. Unatoka karibu na usawa wa bahari, Quorn iko kwenye mita 300 hivi. Kilichotusumbua ni joto na uzito. Breki za karavani ni za umeme, kuna kitufe karibu na usukani cha kuzikaza peke yake. Ilipoanza kuyumba nilibonyeza hicho, sikukanyaga breki ya gari. Hilo nililisoma kabla ya safari, na naamini ndilo lililotuokoa.

#15 Dada_Zawadi

Hapo umefanya vizuri sana kaka. Wengi hukanyaga breki ya gari, trela linawasukuma na kuwageuza.

#16 Ngamia_Mweusi

Nimefungua uzi nikidhani ni karavani kama za Tabora na Bagamoyo, misafara ya wapagazi! Kumbe nyumba yenye matairi.

#17 Bibi_wa_Tanga

Ngamia, hujakosea sana. Huko huko alikopita Mluguru misafara ilikuwepo, ya ngamia. Mwaka 1866 tajiri mmoja, Thomas Elder, aliteremsha ngamia zaidi ya 100 Port Augusta kwa meli kutoka Karachi pamoja na watu wa kuwachunga. Wakapelekwa Beltana, kwenye milima hiyo hiyo. Waliitwa "Waafghani" hata kama wengi walitoka Baluchistan, Sindh na Punjab. Ndio waliobeba unga, sufu, mataruma na nguzo za simu ya waya kabla ya malori. Treni maarufu ya huko, Ghan, jina lake linatokana nao.

#18 Mwana_Muscat

Wabaluchi! Hapa Muscat na Mombasa wote tuna majirani Wabaluchi. Sikujua walifika mpaka huko.

#19 Ngamia_Mweusi

Ahsante bibi. Na nasikia msikiti wa kwanza wa Australia uko jangwani huko, Marree, wa mwaka 1861.

#20 Bibi_wa_Tanga

Huo mwaka unabishaniwa mwanangu. Wengine wanasema 1861, wengine 1882, na mimi naona wa pili unaingia akilini zaidi, kwa sababu mji wenyewe ulikua na reli miaka hiyo ya 1880. Ulikuwa wa udongo, pembeni mna maji ya kutawadhia. Wa Adelaide mjini ndio uliosimama mpaka leo, ulijengwa 1888 na 1889, minara ikaongezwa 1903.

#21 Mluguru_Adelaide

Huo wa Adelaide tunasali hapo, mtaa wa Little Gilbert. Mwaka jana nilimwonyesha mama picha za wazee waliojenga, akakaa nazo muda mrefu.

Marree hatukufika. Mpango ulikuwa Parachilna, halafu korongo la Brachina, halafu Wilpena.

#22 Lodwar_Express

Niko Kitale, napeleka bidhaa Lodwar kupitia Kapenguria na Marich Pass. Kule chini ni tanuri. Nataka kurudi kwa ule mshale wa joto uliopanda Pichi Richi, mnaupita haraka. Gari langu lilikuwa linachemka kila mara nikipanda kurudi. Nikabadilisha themostati, nikabadilisha pampu ya maji, bado. Mwishowe fundi mmoja mzee akatoa rejeta, akaitazama dhidi ya jua: imejaa mbegu za nyasi na wadudu katikati ya mapezi yake. Aliosha kwa maji kutoka *ndani kwenda nje*, si kutoka mbele. Mpaka leo gari halijachemka.

#23 Kariakoo_Spea

Au mfuniko wa rejeta. Springi ikilegea, presha inatoka, maji yanachemka mapema. Mfuniko ni bei ndogo, watu wanabadilisha injini nzima.

#24 Sule_Perth

Au gia ya otomatiki. Ukivuta mzigo kwenye gia ya mwisho, gia inahangaika kupanda na kushuka, oili yake inapata moto, na kwenye magari mengi oili hiyo inapoozwa ndani ya rejeta ile ile. Shusha gia moja, injini ilie kidogo, joto linashuka.

Na upepo wa mbele. Kiangazi, siku za moto kabisa Adelaide ni zile zenye upepo wa kaskazini kutoka jangwani. Mluguru alikuwa anaelekea kaskazini. Ule uso mpana wa karavani ulikuwa unasukuma ukuta wa hewa ya moto.

#25 Lodwar_Express

Hilo la upepo nakubali. Unakula mafuta mara mbili.

#26 Mluguru_Adelaide

Ni kweli, upepo ulikuwa wa mbele. Mafuta yalikwisha haraka kuliko nilivyohesabu, ndiyo maana tulijaza Hawker. Rejeta nitaangalia. Mbele nina bampa la chuma na taa mbili kubwa, huenda nazo zinazuia hewa.

Lakini wakuu, turudi kwenye upande wa kushoto.

#27 Mto_Rufiji

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Kushoto ni rahisi. Australia wanaendesha kushoto kama sisi. Gurudumu la kushoto ndilo linalokula ukingo wa lami, mabega ya barabara, kokoto, chuma kilichodondoka. Ukipishana na lori unasogea, tairi la kushoto linashuka na kupanda ukingo. Ubavu unachubuka siku nyingi kabla ya kupasuka.

#28 Kitonga_Dizeli

Na barabara ina mgongo ili maji yashuke. Kwa hiyo uzito wote unaegemea kushoto kidogo. Bado ni uzito.

#29 Mwalimu_Fizikia

Ongezeni jua. Alitoka Hawker saa nane kuelekea kaskazini. Mchana jua linakwenda magharibi, yaani kushoto kwake. Na lami ya siku ya nyuzi 43 inapita nyuzi 60 kwa urahisi.

Swali lingine, Mluguru: karavani nyumbani unaiegesha vipi? Upande upi unapigwa na jua mwaka mzima?

#30 Mluguru_Adelaide

Mwalimu, umenishtua. Kulia kuna ukuta wa jirani. Kushoto ni wazi, jua la mchana lote.

#31 Kariakoo_Spea

Basi tumerudi kwangu: uzee wa mpira. Jua linaharakisha. Funika matairi kwa turubai, watu wa karavani wana vifuniko vyake.

#32 Sule_Perth

Kariakoo usifunge uzi. Tairi la *pili* lina sababu yake. Kwenye ekseli mbili, la kwanza likianza kuishiwa upepo dereva hajui, la jirani linabeba mzigo wa mawili. Kilomita kadhaa za hivyo zinatosha kuliumiza kwa ndani. Unafunga spea, unaondoka, lile lililoumia linamalizia. Ndiyo maana mimi nimefunga vihisio kwenye kila gurudumu, kioo kidogo mbele yangu kinanionyesha upepo na joto. Bei yake ni chini ya tairi moja.

#33 Mluguru_Adelaide

Hili la tairi la pili nimelielewa na linaniingia. Linabaki la kwanza.

#34 Dada_Zawadi

Kabla hamjaendelea na matairi, kuna mtu atasoma uzi huu akiwa anajiandaa na safari, na tairi si jambo la kwanza. Maji ni la kwanza. Mluguru alikuwa na maji mengi na hakuondoka garini, ndiyo maana tunazungumza naye. Miaka nenda rudi kuna watu wanaofia nje ya gari lililoharibika kwa sababu walianza kutembea. Gari linaonekana kutoka angani, mtu haonekani. Huku mamlaka zinasema kaa na gari lako. Simu ya dharura ni 000, lakini bila mtandao haisaidii kitu, kwa hiyo redio ya UHF au simu ya setilaiti. Malori yanasikiliza chaneli 40, wenye karavani 18.

#35 Mluguru_Adelaide

Dada Zawadi yuko sahihi kabisa. Mimi nilipata jibu kwenye 40.

#36 Mto_Rufiji

Na usilale kwenye mkondo mkavu hata kama una mchanga mzuri na kivuli. Nilikuwa Port Augusta kwa kazi miaka miwili. Mvua inanyesha milimani mbali, wewe uko kwenye jua, maji yanakukuta. Ile miti mikubwa ya kandokando ya mikondo nayo hudondosha matawi ghafla bila upepo. Wenyeji hawafungi hema chini yake.

#37 Bibi_wa_Tanga

Mluguru hujatuambia, mama aliona milima?

#38 Mluguru_Adelaide

Aliiona bibi, na nashukuru umeuliza.

Tulilala Parachilna, asubuhi tukaiacha karavani tukaingia korongo la Brachina na gari peke yake. Njia ni ya mawe, inafuata mkondo wenyewe. Tulitoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla ya joto. Kwenye mawe tukamwona kangaruu mdogo wa majabali, mkia wa mistari ya njano na kahawia. Waadnyamathanha, wenyeji wa milima hiyo, wanamwita andu. Mama alimwona kabla ya sisi sote.

Wilpena tulifika mchana, tukabaki kwenye kivuli mpaka jioni. Wenyeji wanapaita Ikara, mahali pa kukutania. Ni kama bakuli kubwa la milima, ukuta pande zote. Kilele chake kikubwa kina mita 1,171 na wenyewe wanaomba watu wasipande mpaka juu kabisa, kwa sababu ya masimulizi yao ya nyoka wawili waliojizungusha hapo, miili yao ndiyo hizo kuta. Mama aliposikia hivyo akasema hata kwetu kuna sehemu za Uluguru ambazo huendi hivi hivi tu. Hatukupanda.

Wakati wa kurudi, kati ya Hawker na Quorn, kuna magofu ya Kanyaka, lilikuwa shamba kubwa la kondoo tangu miaka ya 1850. Kuta za mawe tu zimebaki. Mama akauliza walihamishwa na nani. Nikamwambia ukame.

#39 Mwalimu_Fizikia

Mwaka 1865 mpima ardhi George Goyder alichora mstari kwenye ramani ya jimbo hilo baada ya ukame mkali: kusini lima, kaskazini usitegemee mvua. Ikaja miaka michache ya mvua nzuri, watu wakauvuka mstari na ngano yao, wakaamini mvua inafuata jembe. Ukame ukarudi miaka ya 1880. Quorn na Hawker ziko kaskazini ya mstari huo.

Na Brachina umepita juu ya kitu kikubwa. Mawe ya Flinders yana alama za viumbe laini wa zaidi ya miaka milioni 540 iliyopita. Mjiolojia Reg Sprigg alizikuta vilima vya Ediacara mwaka 1946, na mwaka 2004 kipindi kizima cha historia ya dunia kikapewa jina la vilima hivyo. Alama rasmi ya mwanzo wa kipindi hicho imepigiliwa kwenye jabali humo humo Brachina.

#40 Mluguru_Adelaide

Tuliipita alama hiyo, mtoto aliigusa. Nitamsomea haya.

#41 Kitonga_Dizeli

Nasubiri mizani.

#42 Mluguru_Adelaide

Wakuu, nimerudi baada ya wiki mbili. Nimemwita mtu anayepima uzito wa kila gurudumu peke yake. Nilipakia kila kitu kama siku ile: maji, gesi, madumu, baiskeli, nguo. Majibu haya:

Kulia mbele kilo 590, kulia nyuma 620.
Kushoto mbele 545, kushoto nyuma 485.
Kwenye ndoano ya gari kilo 210.

Jumla kilo 2,450. Kikomo cha karavani yangu ni 2,500. Kila tairi limeandikwa 98, yaani kilo 750.

Yaani sikuzidisha. Na upande uliopasuka ndio *mwepesi*, kwa kilo 180. Jiko, friji na betri vyote viko kulia. La kwanza kupasuka ndilo lenye mzigo mdogo kuliko yote manne.

#43 Kitonga_Dizeli

Kilo 210 kwa 2,450 haifiki asilimia 9. Mkia ulikuwa mzito kama nilivyosema. Lakini nakiri, sikutegemea kushoto kuwa kwepesi.

#44 Sule_Perth

Angalieni la pili: kushoto yote ni 1,030, likibaki moja linabebeshwa 1,030 wakati kikomo ni 750. La pili nimelimaliza. La kwanza sasa ndio gumu zaidi kuliko jana.

#45 Kariakoo_Spea

Ni gumu kwenu. Tairi kuukuu, lililopigwa jua miaka yote, halihitaji mzigo mkubwa. Ya kulia nayo ni 3115?

#46 Mluguru_Adelaide

Yote manne 3115. Spea pia. Nimeyatoa yote, nimeweka mapya. Mawili ya kulia nimemwomba fundi ayachane tuone ndani. Hayana mpasuko wowote, mpira uko vizuri.

#47 Mto_Rufiji

Basi ni jiwe. Tairi jepesi linarukaruka, linachubuka zaidi.

#48 Mwalimu_Fizikia

Jiwe linaacha jeraha. Tairi la kwanza lilifumuka lote, hakuna ubavu wa kuchunguza. Hatuwezi kulithibitisha wala kulikana.

#49 Mwana_Muscat

Nitasema tena na safari hii naomba mnisikilize. Gurudumu jepesi, upande mmoja, linapata moto kuliko wenzake. Breki au beringi. Ulifungua haba, kile kitovu cha gurudumu?

#50 Mluguru_Adelaide

Bado kaka. Nilizungusha magurudumu kwa mkono yakiwa juu ya jeki. La kushoto nyuma linazunguka, lakini nadhani linasimama mapema kidogo kuliko mengine. Au ni hisia zangu baada ya kukusoma. Jumamosi nafungua haba zote nne, naanza na hilo.

#51 Lodwar_Express

Usianze na hilo. Anza na moja la kulia, uone grisi yake ina rangi gani na viatu vya breki vimelika kiasi gani, ndipo ufungue la kushoto. Bila la kulinganisha utaona unachotaka kuona.

#52 Mluguru_Adelaide

Sawa, ahsante. Naanza la kulia nyuma. Nitaweka picha zote nne hapa Jumamosi jioni, na mama ameniambia atakuwa anafuatilia kutoka Morogoro.